Jumamosi Isiyo na Pancha

Ukilivua gurudumu la baiskeli tairi lake, ukatoa na tyubu, unabaki na duara la alumini lenye matundu, jepesi kuliko ulivyodhani, na mchanga unaokumwagikia mapajani. Mchanga ulionimwagikia mimi alasiri ile ya Alhamisi ulikuwa mwekundu, wa Matuga, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka sebuleni kwangu, ghorofani, katika nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, Mombasa, ambayo nimepanga kwa miaka mingi. Mbele yangu palikuwa na magurudumu yote mawili ya baiskeli yangu ya milimani, bakuli la maji ya sabuni, na chupa iliyokuja na basi kutoka Nairobi ikiwa imefungwa kwa magazeti kama yai. Mzee mwenye digrii za fasihi na goti linalolia akipanda ngazi alikuwa anajaribu kuondoa tyubu kwenye baiskeli yake kabla ya Jumamosi. Kama ningemwona mtu mwingine akifanya hivyo, ningeandika makala ya kumcheka.

Wazo lenyewe si gumu. Tairi la kawaida lina tyubu ndani. Mwiba ukipenya tairi unaitoboa tyubu, upepo unatoka, safari inakufa. Hili jingine, ambalo waendesha baiskeli huliita tyublesi, halina tyubu. Tairi lenyewe linaibana rimu, lile duara la alumini, mpaka upepo unakosa pa kutokea, na ndani yake unatia dawa, maji mazito meupe. Mwiba ukitoboa, dawa inakimbilia tundu, inaganda, inaziba, na wewe huku juu unaendelea kukanyaga pedeli bila habari. Niliyasoma hayo kwenye simu, nikayaamini kama mtu mwenye upara anavyoamini mafuta ya nywele.

Sababu ya kuyaamini ilikuwa rafiki yangu. Nasema rafiki yangu, mmoja, kwa kuwa ndiyo hesabu yenyewe ilivyokuwa. Alikuwa na duka la dawa vichochoro vichache kutoka kwangu, na mtaa mzima ulimwita daktari ingawa hakuwa daktari. Mimi waliniita mwalimu ingawa sijafundisha hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kuhariri vitabu vya shule, na kwa watu wa mtaa, mtu anayekaa na vitabu bila kuviuza ni mwalimu tu. Basi tukaitana hivyo hivyo, daktari wa uongo na mwalimu wa uongo. Yeye ni mwenyeji wa Mvita kwa baba na kwa babu. Mimi ni Mtaita niliyeshuka kutoka milimani kutafuta kazi, nikabaki hata baada ya ndoa yangu kwisha. Ilikwisha kwa adabu, bila kelele, kama duka linalofungwa kwa kukosa wateja.

Kila Jumamosi, akishaswali alfajiri, alinipigia kengele ya baiskeli chini ya dirisha. Tulivuka feri tukisukuma baiskeli pamoja na watu wa kazi, tukapita Likoni, kisha tukaacha lami na kushika njia za ndani, za mchanga na mawe. Tulikuwa na mahali tulipotaka kufika. Mbele ya Matuga kuna hoteli ya makuti ambayo mteja mmoja wa rafiki yangu aliisifu pale kaunta ya duka la dawa, alipokuwa akingoja dawa ya kikohozi, kwa mbaazi za nazi na mahamri. Tangu siku ile tukawa tunakwenda huko, na hatukuwahi kufika. Njia ile ina mikunazi, mikunazi ina miba, na miba ile ilikuwa na ugomvi na mimi. Matairi yake hayakuguswa. Yangu hayakupona. Tukifika mahali fulani ungesikia sss, na yeye angeshuka bila hata kugeuka, akiitaja miba kana kwamba ni watu wanaonidai.

"Mwalimu, washakuita."

Tulikaa kivulini, chini ya mti ule ule uliotuchoma. Mimi niliisugua tyubu kwa msasa nikaipaka gundi. Yeye alilipakata tairi na kupitisha kidole ndani yake polepole akiutafuta mwiba, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi mguuni. Gundi haipendi haraka. Ilipokuwa ikikauka tulizungumza, macho yetu yakiwa kwenye kazi. Hapo ndipo aliponiambia kwamba binti yake alikaribia kufa kwenye uzazi huko Uingereza, na kwamba siku ile aliwahesabia wateja vidonge vyao kuanzia asubuhi hadi jioni bila kukosea, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Hapo ndipo nilipomweleza habari za mke wangu, kabla sijamweleza ndugu yangu yeyote. Kisha kiraka kilishika, jua lilikuwa limeshapanda, duka lilitakiwa kufunguliwa, nasi tukarudi. Mbaazi tukawaachia wengine.

Hapo pia ndipo aliponiambia anahama.

"Yule binti ataka tuhamie kwake," alisema, kidole kikiwa ndani ya tairi.

"Kutembea?"

"Kuhamia."

"Na mtakwenda?"

"Mamake keshaanza kununua masweta." Akautoa mwiba, akaunyanyua juani kuutazama. "Huu hapa, mshenzi wako."

Nikauchukua, nikautupa. Sikumbuki kama nilisema lolote la maana. Nadhani nilisema sweta za hapa Mombasa hazitafaa kule.

Kwa wasiojua, mtu wa Mombasa anayekwenda mbali haagi tu. Anapita kuomba radhi. Huenda nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, akisema kwamba binadamu hukoseana bila kujua, na kama amekukosea kwa neno au kwa tendo, umwie radhi. Nawe unamwambia nimekuwia radhi, na wewe niwie. Katika majuma yake ya mwisho rafiki yangu alipita hivyo. Alimwendea kinyozi. Alimwendea muuza samaki. Alikwenda mpaka soko la Marikiti kumtafuta hamali aliyewahi kumbebea makabati ya duka na kubishana naye juu ya ngazi. Alimwendea jirani waliyegombana naye kuhusu mfereji wa maji machafu, na inasemekana walikaa barazani mpaka kahawa ikaisha kwenye dele. Mama mwenye nyumba wangu, anayekaa chini, alinisimulia zamu yake huku akijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Na kwako aliposema, ulilia?" akaniuliza.

"Kwangu bado hajaja, mama."

"Bado?" Akanitazama. "Basi hilo lako lina mahali pake."

Ndivyo nilivyofikiri na mimi. Langu lilikuwa limewekewa Jumamosi, njiani. Ingekuwa Jumamosi yetu ya mwisho; siku chache baadaye angepanda ndege. Mimi nami nilikuwa na neno langu, fupi, nililolihariri mpaka likabaki mfupa: kwamba sina rafiki mwingine, na kwamba nilitaka alijue hilo kabla hajaondoka. Mtu anaweza kuandika kurasa na kurasa juu ya upweke wa mwanadamu akashindwa kuitamka sentensi hiyo moja mbele ya muuza dawa. Nikaamua kwamba tatizo ni mahali. Neno kama lile halisemwi katikati ya mkunazi na gundi. Safari hii tungefika. Tungekaa kwenye benchi, tungeletewa mbaazi, na kila mtu angesema lake kwa utulivu. Kitu pekee kilichosimama kati yetu na benchi lile kilikuwa pancha zangu.

Ndiyo maana Alhamisi ile nilikuwa kwenye mkeka.

Nilianza kwa kusafisha rimu kwa spiriti. Kisha nikavingirisha utepe wa plastiki kuzunguka rimu yote, kuziba yale matundu ya spoki ambayo upepo ungepitia. Utepe lazima uuvute kwa nguvu huku unaubandika, na kazi hiyo imetengenezewa watu wawili, mmoja ashike gurudumu na mwingine avute. Nililishika kwa magoti na kidevu. Mara ya kwanza utepe ulipinda, ukaganda kwenye ndevu. Mara ya pili ulikwenda sawa. Nikatoboa tundu dogo la valvu, kile kijibomba cha kuingizia upepo, kwa ncha ya msumari nilioupasha moto kwenye jiko, nikaikaza valvu, nikalirudisha tairi kwa vidole gumba, nikasema bismillahi, ambayo kwa Mkristo ni mazoea ya mtaa tu, nikaanza kupampu.

Upepo uliingia juu na kutoka pembeni. Hakuna kitu kinachodhalilisha kama kupampu gurudumu lililo wazi. Ni sawa na kuhutubia mkutano ulioanza kutawanyika. Tairi lililegea tu kwenye rimu kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Nikalipaka maji ya sabuni, nikapampu tena kwa kasi. Povu likatoka, likaniangalia. Kwa kawaida watu hutumia pampu kubwa ya petroli stesheni, lakini ningebeba magurudumu mtaani saa ile, habari zingemfikia rafiki yangu kabla sijafika kona, na nilitaka asijue. Hata bomba la sindano la kutilia dawa nililinunua dukani kwake kwa hila.

"Sindano kubwa hivi ya nini, mwalimu?" aliniuliza.

"Ya kazi."

"Kazi gani? Wachanja ng'ombe?"

"We niuzie tu, daktari."

"Haya. Lakini ukianza kujidunga, niambie kabla sijapanda ndege."

Hatimaye nikakumbuka jambo nililolisoma: ukilifunga tairi katikati kwa kamba na kuikaza, kingo zake husukumwa nje zikaigusa rimu. Kamba sikuwa nayo. Nilikuwa na kikoi cha zamani. Nikakizungusha juu ya tairi, nikakifunga, nikapitisha mwiko kwenye fundo na kuuzungusha mpaka kikoi kikalia. Nikapampu. Safari hii upepo ukakaa. Tairi likavimba, likanyooka, nikaendelea kupampu jasho likinitiririka puani, na mara, pah! Ukingo mmoja umeruka ukaingia mahali pake. Na kabla sijashusha pumzi, pah! Wa pili.

Mji wa Kale nyumba zimeegemeana. Mlio wa kwangu ni mlio wa watu wote. Nilisikia dirisha la ng'ambo likifunguliwa, sauti ya mwanamke ikisema "Gesi! Gesi!", kisha ndara zikipanda ngazi yangu kwa kasi isiyolingana na umri wa mwenye ndara. Mama mwenye nyumba akaingia bila hodi, ameshika ndoo ya maji.

"Mwalimu! U mzima?"

"Mzima, mama. Ni tairi."

"Tairi gani lapasuka ghorofani?"

"Halikupasuka. Limeshika."

Akalitazama gurudumu lililovaa kikoi na mwiko. Akaitazama sakafu, ambako chupa ya dawa ilikuwa imelala na kumwaga kidogo.

"Umemwaga na tui?"

"Si tui, mama. Ni dawa ya tairi."

Akaiweka ndoo chini, akainama kwa shida, akaigusa ile dawa kwa kidole na kuinusa, akakunja uso. Nikamweleza. Nikamwambia ni kwa ajili ya Jumamosi, ili rafiki yangu asilazimike kungoja viraka katika safari yake ya mwisho.

"Wenziwe wampelekea halua," akasema.

"Najua."

"Wewe wamfanyia baiskeli. Tena si yake. Yako."

Lilipotamkwa hivyo lilikuwa na dosari fulani. Lakini dosari za mantiki huzioni ukiwa na sabuni mpaka viwikoni. Akachungulia dirishani, akawaambia majirani kwa sauti kwamba si gesi, ni mwalimu, na jibu hilo likawaridhisha wote. Kisha akateremka na ndoo yake, na ile nyumba ikarudia ukimya wake wa siku zote, ukimya ambao nimeuzoea kama mtu anavyozoea kuvaa kiatu kinachobana.

Nilitia dawa kwa sindano kupitia kwenye valvu, nikapampu tena, nikaliyumbisha gurudumu huku na huku ili dawa ifike kila mahali, nikasikiliza. Lilikuwa likipumua kidogo ubavuni. Vipovu vyeupe vikajitokeza, vikaacha. Nikalilaza juu ya stuli upande mmoja, kisha wa pili. Nikafanya na la nyuma, na mlio wa safari ile haukumtoa mtu dirishani. Kesho yake nililibonyeza kila moja kwa kidole gumba. Yalikuwa magumu kama maembe mabichi.

Jumamosi kengele ikalia. Nikashuka na baiskeli yangu begani nikiwa na furaha ya mtoto mwenye siri, na siri ikanishinda kabla ya kufika feri.

"Leo hakuna pancha," nikamwambia.

"Inshallah."

"Hapana, hakuna. Nimetoa tyubu."

Akasimama katikati ya barabara. "Zote?"

"Zote."

Akalitazama tairi la mbele, kisha la nyuma, kisha mimi. "Yakhe," akasema polepole, "wewe wafanya mambo makubwa nyuma ya migongo ya watu."

Nililichukua kama sifa.

Tukavuka. Tukapita Likoni, maduka yakifunguliwa, tukaacha lami. Tukafika penye mikunazi, na kwa muda nilikaza mabega kama ninayengoja kofi. Nikasikia sss. Nikatazama chini: pembeni mwa tairi la mbele kimeruka kijimkojo cheupe, kikarashia mguu wangu, kikapungua, kikakoma. Sikushuka hata kwenye kiti. Yeye, kwa mazoea, alikuwa ameshafunga breki na kuteremsha mguu mmoja.

"Washakuita?" akauliza.

"Wameita, hawakujibiwa!" nikapiga kelele nikimpita.

Nilisikia akicheka nyuma yangu, kisha akipanda tena. Tulikwenda. Tulipita mahali tulipokaa siku ya habari za binti, na mahali pa habari za mke wangu, na mahali pa sweta, na sikuyatambua mpaka tulipokwisha kuyapita, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuyaona kutoka juu ya baiskeli inayokwenda. Tulikwenda kasi iliyotushangaza sote wawili. Kuzungumza hakukuwezekana, njia ni nyembamba, mmoja mbele, mwingine nyuma, na kila mtu na pumzi zake.

Tukafika. Hoteli ilikuwapo kweli, makuti na benchi. Tulikuwa tumewahi mno. Mama wa hoteli alikuwa bado anasukuma mahamri, na mbaazi zilikuwa jikoni hazijaiva.

"Kaeni," akatuambia. "Mmetoka wapi saa hizi?"

"Kisiwani," rafiki yangu akasema.

"Kwa baiskeli! Mwafukuzwa na nani?"

Tukakaa. Benchi ndilo hilo. Chai ya tangawizi ikaja. Nikasafisha koo, na sentensi yangu ikapanda mpaka kwenye meno. Wakati huo huo waendesha bodaboda, waliokuwa wakingoja abiria chini ya mwembe, wakaja kuzitazama baiskeli. Mmoja aliona ile dawa iliyokauka kwenye tairi.

"Mzee, hiki nini? Tairi lako latoa maziwa?"

Hapo ndipo elimu iliponiangamiza. Nilipaswa kusema "dawa ya pancha" na kunyamaza. Badala yake nikaeleza. Nikaeleza utepe, nikaeleza valvu, nikasimama kuonyesha ukingo wa tairi na rimu, nikaeleza kikoi na mwiko, na wao, kwa kuwa riziki yao ni matairi, wakauliza maswali mazuri. Yafaa kwa pikipiki? Dawa yaisha baada ya muda gani? Msumari je? Nikajibu yote. Nilikuwa na darasa hatimaye, mimi mwalimu wa uongo, na sikumbuki kama nimewahi kufurahia sauti yangu kama siku ile. Mbaazi zikaja, nikazila nikiwa nimesimama. Rafiki yangu alikaa kwenye benchi na kikombe chake, akinisikiliza kwa tabasamu la mtu aliyekuja kumtembelea mwenzake akamkuta na wageni.

"Mbaazi vipi?" nikamuuliza tulipopanda baiskeli.

"Nzuri," akasema. "Za mamake watoto ni nzuri zaidi, lakini usimwambie huyu."

Tukarudi. Niliongoza. Katikati ya ile mikunazi nikasikia breki nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa ameshuka, ameegemeza baiskeli mtini, amesimama kivulini. Nikarudi. Akainama, akalibonyeza tairi langu la nyuma kwa kidole gumba.

"Lina upepo?" nikauliza.

"Linao."

"Nilikwambia."

Akaendelea kulishika, mkono juu ya tairi kama mtu aliyeushika mgongo wa punda wake. Akatazama njia. Akasema, "Tungepumzika kidogo."

"Umechoka?"

"La. Sikuchoka."

Na mimi, mwenye neno langu limeshapanda hadi menoni, mwenye saa nzima ya ziada ambayo hatukuwahi kuwa nayo, nikatazama jua, nikasema, "Basi twende. Tukikaza tutaiwahi feri kabla haijajaa."

Alinitazama kidogo. Kisha akaliachia tairi, akajipangusa mkono kwenye suruali. "Twende, mwalimu," akasema.

Nilikuwa nimeshakanyaga pedeli mara kadhaa kabla sijaelewa kwamba alikuwa amenifungulia mlango wa kuzungumza. Ningeweza kusimama. Lakini kusimama kungehitaji sababu, na tairi langu halikunipa hata moja. Niliomba mwiba. Niliendesha juu ya kila kichaka cha mbigili nilichokiona. Ilisikika sss na sss, na kila tundu likajiziba. Feri tuliiwahi ikiwa karibu tupu.

Kwake tulikuta nyumba imejaa. Jamaa walikuwa wamekuja kumuaga mapema, viatu vimejaa mlangoni, harufu ya biriani inatokea uani. Mkewe akanikaribisha ndani nikiwa na jasho na vumbi, nikakaa karibu na mlango kati ya kinyozi na yule jirani wa mfereji. Baada ya chakula rafiki yangu alisimama, akatuomba radhi sote kwa pamoja, kwa maneno yale ya siku zote. Tukamjibu sote kwa pamoja. Tulipotoka alitukumbatia mmoja mmoja mlangoni, na zamu yangu ilipofika kulikuwa na watu nyuma yangu wakivaa viatu.

"Tulifika," akaniambia sikioni.

"Tulifika," nikasema.

Siku ya safari sikwenda uwanjani. Gari lilikuwa limejaa masanduku na wajukuu.

Nimeendelea na Jumamosi. Naamka mwenyewe, kengele haipo. Matairi yanashika. Nafika hotelini kabla ya mbaazi kuiva, nakula, narudi, nakuta bado asubuhi, na siku nzima imebaki mikononi mwangu kama nguo ya mtu mwingine niliyoachiwa niishike. Mama mwenye nyumba aliniambia juzi kwamba siku hizi narudi mapema, akauliza kama kule ninakokwenda hawanitaki. Nikamwambia barabara ni nzuri.

Rafiki yangu alinipigia Jumapili moja mchana, kwa ile simu ya kuonana. Nikaliona paji lake la uso, kisha kidevu, kisha akajipata katikati. Alikuwa amevaa sweta. Tukajuliana hali: wewe, watu wa nyumbani, mtaa, duka. Hali zote zilikuwa njema.

"Baridi?" nikauliza.

"Baridi."

"Sana?"

"Ya kutosha. Na matairi, yashika?"

"Yashika."

"Hata pancha moja?"

"Hata moja."

"Mashallah," akasema, na tukatazamana. Hatukuzoea kutazamana. Uso wake ulikuwa hapo, wangu mdogo kwenye kona, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. Nikamwona akivuta pumzi ile ya mtu anayetaka kusema haya basi, wasalimie.

"Ngoja," nikasema. "Usikate."

Baiskeli ilikuwa ukutani. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikalitoa gurudumu la nyuma, nikakaa nalo kwenye mkeka mahali anaponiona, nikaikamata ile pini ya ndani ya valvu kwa koleo na kuizungusha. Upepo ukatoka kwa kishindo, dawa ikanirukia shati na shavu, na tairi nililolihangaikia kwa kikoi na mwiko likazama taratibu mikononi mwangu.

"Nini hiyo?" akauliza kwenye simu. "Mwalimu, nini hiyo?"

"Pancha."

"Si umesema yashika?"

"Yalishika. Sasa hili limekataa."

"Lilete karibu nione. Hapana, hapo sioni kitu. Ngoja. Ngoja nitafute miwani."

Akaiweka simu yake mezani, kioo kikitazama juu, na mbele yangu ikabaki dari ya nyumba ile, nyeupe, tambarare, isiyo na boriti hata moja, na kidude cha plastiki katikati chenye taa nyekundu inayowaka na kuzima. Nikamsikia akimuuliza mkewe miwani iko wapi, na mkewe akimuuliza ataka kusoma nini. Akamwambia mwalimu amepata pancha. Subhanallah, mkewe akasema, yuko wapi? Yuko nyumbani kwake, akajibu, na droo ikafunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa nyingine. Dawa ilikuwa ikidondokea mkeka. Nikakaa na gurudumu langu, nikiitazama dari ile, nikimngoja arudi.